Msomaji wa Muzee

Niseme ukweli tangu mwanzo: mimi si mtu wa upole. Mama yangu alipenda kusema kwamba nilizaliwa nikimgombeza mkunga. Kwa hiyo anayenijua akinisikia leo nikisema natamani kelele za biro, ile ofisi yetu ya zamani, atashangaa sana, maana kelele hizo hizo nilizipigania miaka mingi zikome.

Siku hizi nafanyia kazi nyumbani kwangu Himbi, siku tatu kwa juma, ordinatere, kompyuta yangu, juu ya meza ya kulia, sufuria ya maharagwe ikichemka nyuma yangu. Siku mbili zilizobaki tunakutana katika chumba cha kukodi chenye vigae na mlango wa kioo. Kizuri, sina ubishi. Lakini kimya! Kila mtu amejiziba masikio kwa vile visikizi vyao. Ukitaka kalamu, unamwandikia mwenzako ujumbe kwenye simu, na mwenzako mwenyewe yuko hapo, ukinyoosha mkono unamgusa. Juma lililopita nilishikwa na kikohozi, mmoja wao akanitumia picha ya ua. Ndiyo pole ya siku hizi hiyo.

Biro ya zamani ilikuwa nyumba ya mbao pale Katindo, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama kuku aliyelalia mayai. Mvua ikipiga mabati tuliacha kazi, kwa sababu hatukuweza kusikilizana, na kusikilizana ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tuliletewa magunia ya fishi kutoka vijijini, karatasi zilizojazwa kwa mkono na watu waliopita nyumba kwa nyumba wakiuliza: muko wangapi, maji munateka wapi, muna mbuzi, muna choo, mutoto akigonjwa munatembea muda gani mpaka kituo cha afya. Fishi nyingine zilifika na matope ya Masisi, nyingine na doa la mawese. Sisi tuliziingiza kwenye mashini, halafu tukazituma kwa wenye mradi Kinshasa.

Wafanyakazi walikuwa sita, na mimi mkubwa wao. Walikaa wawili wawili: mmoja anasoma fishi kwa sauti, mwenzake anachapa. Wenyewe waliita kusomeana. Nani alianzisha desturi hiyo sijui, mimi niliikuta. Meza tatu, sauti tatu kwa pamoja, kutwa nzima, utadhani watu wanasali rozari bila kukubaliana waanzie wapi.

"Nyumba ya kumi na mbili. Watu saba. Maji, chemchemi. Mbuzi, makumi ine. Choo, hakuna."

"Rudia hapo."

"Mbuzi makumi ine, choo hakuna."

"Basi hao mbuzi njo wanalala ndani, watu wanalala inje. Endelea."

Aliyejibu hivyo alikuwa muzee wetu, mtu wa vilima vya Masisi, aliyewahi kuwa daktilo wa serikali, mchapaji wa enzi za mashini za chuma. Alichapa kwa vidole kumi, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza dirishani. Sikumwona hata siku moja akiangalia mikono yake. Nilidhani ni maringo ya ufundi. Aliyemsomea alikuwa mama wa Butembo, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na matani yao hayakuisha.

"Ninyi watu wa Butembo," muzee alimwambia, "hata salamu munapima kwa kilo."

"Na ninyi wa Masisi, ng'ombe akikohoa tu, munafunga biro muende matanga."

Meza yao ndiyo iliyomaliza ya kwanza kila siku, na makosa karibu hakuna. Ningeweza kufurahi na kunyamaza. Lakini nilipita nyuma yao, mikono mgongoni, nikijisemea: watu wawili kwa fishi moja, upotevu gani huu! Niliwaambia mara nyingi kwamba kila mtu anaweza kusoma na kuchapa mwenyewe, Mungu amewapa macho na mikono. "Ndiyo, Shefu," waliniitikia kwa adabu zote. Kesho yake nikawakuta wawili wawili vilevile.

Saa nne ilikuwa chai na mandazi. Siku ya Ijumaa mmoja alishuka sokoni Kituku asubuhi kununua sambaza, wakakaangwa uani na pilipili, tukala sote kwenye sinia moja, vidole vinanukia samaki mpaka jioni. Mtu akifiwa, tulifunga mlango, tukaenda sote kukaa naye. Asubuhi kila aliyeingia alizunguka meza zote akipeana mikono, akiuliza habari ya nyumbani, na kama mtoto wako alikuwa na homa jana, watu sita watakuuliza habari za homa hiyo. Wakati ule nilikuwa nanung'unika kwamba dakika ishirini zinakwisha kwa salamu. Jamani! Leo natamani hata ule moshi wa sambaza uliokuwa ukiniharibia nguo.

Halafu ukaja mwaka ambao mji ulivurugika na barabara zikafungwa. Mwenye nyumba akataka nyumba yake. Wenye mradi wakaamua kila mtu afanyie kazi kwake. Jumatatu motari wetu, dereva wa pikipiki, alipeleka bahasha ya fishi kwa kila nyumba, na Ijumaa alipita kukusanya. Kila mtu ordinatere yake, fishi zake, idadi yake. Mimi nilifurahi, siwadanganyi. Mwishowe, nikasema, fishi moja mtu mmoja.

Wakubwa wakatuwekea na mafunzo. Mama mmoja alitufundisha kupitia mtandao namna ya kuwatia moyo wafanyakazi walio mbali na macho yako. Rezo ilikatika mara nane, lakini niliandika kila alichosema, nikakitekeleza kwa bidii ya mtu aliyepata dini mpya. Asubuhi nilituma kwenye kundi la simu picha ya maua na maneno ya Biblia. Jumatatu aliyeongoza nilimtumia mega za bure, za kuingilia mtandaoni. Na Ijumaa nilitangaza klasima, kama shuleni: wa kwanza fulani, wa pili fulani, mpaka wa sita, na kombe la dhahabu limechorwa kando ya wa kwanza. Kila mtu alinijibu kwa picha ya dole gumba. Nikaona mambo ni mazuri. Baadaye nilikuja kujua kwamba mama wa Butembo alikuwa akituma dole hilo kwa mkono mmoja, mwingine unatwanga sombe ya muhogo, huku akisema maneno ambayo siyaandiki hapa.

Muzee akawa wa sita. Juma lililofuata, wa sita. Na lililofuata. Wenzake wengi wakimaliza bahasha nzima, yeye alirudisha theluthi moja, na bado kulikuwa na makosa. Yule yule ambaye meza yake iliongoza miaka yote! Sasa hapo ungefikiri nini? Mimi nilifikiri kile ambacho mkubwa yeyote mwenye hasira za karibu angefikiri: paka akiondoka, panya hutawala. Nilijiambia kwamba macho yangu mgongoni mwake ndiyo yaliyokuwa yakimfanyisha kazi, na sasa amelala.

Nikampigia simu. "Nitajikaza, Shefu," akasema. Nikamuuliza kama anaumwa. "Niko muzima." Nikamuuliza shida basi ni nini. Nikasikia jogoo akiwika kwake, kisha muzee akarudia kwamba atajikaza. Ijumaa nikaandika tena kwenye kundi, mbele ya watu wenye umri wa wanawe: wa sita, Muzee.

Wenye mradi nao wakaona. Wakaniuliza huyu wa sita ninamweka wa nini. Wakanipa juma moja: ajieleze kwa maandishi, na asipojieleza vizuri, aondoke.

Aliyewahi kufanya kazi biro yoyote kwetu Kongo anajua demande d'explication ni kitu gani. Ni barua ya kukutaka ujieleze, ina namba na kashe, muhuri wa biro, na unapewa saa arobaini na nane za kujibu. Ikiingia kwenye faili lako haitoki. Kwa kawaida unaandika mistari mitano, basi. Mimi nilijaza karatasi mbele na nyuma. Niliandika kwa Kifaransa kile cha biro, kilichopigwa pasi, kwamba moyo wa kazi hana tena, kwamba anatumia saa za mwajiri kwa mapumziko yake, kwamba umri si kisingizio. Nikapiga kashe mara mbili, kana kwamba moja haitoshi. Motari akaichukua.

Jibu lilikuja kesho yake. Lilichapwa kwa mashini ya zamani ya chuma, ile yake mwenyewe, herufi zimezama kwenye karatasi mpaka unazihisi kwa kidole. Aya ya kwanza ilikuwa safi: ana heshima ya kukiri kupokea barua yangu ya tarehe fulani, namba fulani. Aya ya tatu safi: nipokee heshima zake za dhati. Lakini aya ya kati, Mungu wangu! Mistari sita ya herufi zisizo na maana hata moja, zimemwagika tu, na nukta mahali pa koma. Chini, sahihi yake ilianzia juu ya mstari ikaporomokea chini yake.

Damu ikanipanda. Nilisema: huyu muzee ananicheka. Mimi! Barua ya pili, ya kumwachisha kazi, nilikuwa nimeshaiandaa, ilibaki sahihi yangu tu. Nikaishika kalamu. Kilichomwokoa ni tabia yangu moja mbaya, kwamba siwezi kukasirika peke yangu, lazima nipate wa kunisikiliza. Nikatia barua zote mbili kwenye mkoba, nikaenda Majengo kwa mama wa Butembo.

Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo. Sikusalimu hata. Nikamtupia lile jibu mapajani. "Soma! Soma uone muzee wako anavyonifanyia!"

Alilisoma taratibu. Alipofika aya ya kati nilingoja acheke, maana yeye hucheka hata kanisani. Hakucheka. Aliweka vidole vyake juu ya ungo, juu ya maharagwe, kama mtu anayetaka kuchapa, kisha akavisogeza kidogo kuelekea kuume.

"Mikono imehama, Shefu. Ameipumzisha, akairudisha kibonye kimoja pembeni. Kila herufi imetoka ya jirani yake."

"Si angeangalia!"

"Aangalie na nini?"

Nikabaki nimesimama. Akaniambia nikae, nikakaa juu ya bidoni ya maji, na hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo biro nzima ililijua isipokuwa mimi. Muzee alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, miaka mingi. Mwanga anauona, ndiyo maana alipenda dirisha. Mtu akisimama mbele yake anaona kivuli. Herufi, hapana, tangu zamani. Mama alimsomea, yeye akachapa, na mama mwenyewe kuchapa anajua vidole viwili tu, tena kwa kutafuta. "Mimi nilikuwa macho yake, yeye mikono yangu. Wewe ulipotupeleka kila mutu kwake, mimi nikabaki na vidole viwili, yeye akabaki bure."

"Na anafanyaje huko nyumbani?"

"Bibi yake anamusomea jioni, akirudi kuuza samaki. Kama hajachoka."

"Na ninyi wote hamkuniambia?"

Alinitazama bila hasira. "Ulikuwa unapita nyuma yetu kila siku, Shefu. Hukuuliza. Na ungeuliza singekuambia, ungemufukuza."

Nilitaka kusema nisingemfukuza, lakini mkobani nilikuwa na barua.

Tukawasha ordinatere yake. Yeye akaweka kidole kwenye herufi iliyoandikwa, akasogea moja kushoto, akaitaja, mimi nikaandika nyuma ya bahasha. Ilituchukua muda mrefu. Ile aya ndiyo pekee ambamo muzee alijaribu kusema ukweli, na labda ndiyo maana mikono iliyumba. Ilisema hivi: sikukosa moyo wa kazi, nimekosa mtu wa kunisomea, nikirudishiwa msomaji wangu, nitafanya kama zamani, naomba jambo hili lisitangazwe kwenye kundi. Mama wa Butembo akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. Mimi nililia wazi, na sioni aibu kusema.

Nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwa muzee, kule njia ya Lac Vert. Mke wake ndiye aliyenipokea, beseni la samaki tupu mkononi, amerudi Kituku muda si mrefu. Alinisalimu inavyotakiwa. Kisha akaniwekea kiti juani, na kivulini nafasi ilikuwepo. Muzee akatoka ndani amenyoa ndevu, amevaa koti na tai. Aliposikia moto imesimama alidhani nimekuja kumwachisha kazi, akavaa vizuri kwa ajili hiyo.

Najua munataka kujua kama alirudi. Alirudi. Siku ile ile niliichana ile barua ya kumwachisha kazi, nikawapigia wenye mradi nikawagombeza wao kwa zamu yao, wakakubali abaki. Mama wa Butembo akaenda kumsomea siku mbili kwa juma, siku nyingine akamsomea kwa simu, na hizo mega za bure nilizokuwa nikiwatunukia washindi zikapata kazi ya maana. Klasima niliifuta. Maua ya asubuhi pia, na hakuna aliyeyaulizia. Halafu wale wengine wanne nao, bila kuniomba ruhusa, wakaanza kusomeana kwenye simu, nikawaacha. Baadaye muzee alipasuliwa jicho moja. Alipokuja kunisalimu na kitambaa kimetolewa, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe Shefu ni mufupi hivi! Na makelele yote yale!" Alifanya kazi nasi mpaka alipochoka mwenyewe, akapumzika. Nikiingia kile chumba cha vigae, nikaona kila mtu na masikio yake yamezibwa, namkumbuka yeye.

Lakini siku ile, pale juani, hakukubali haraka. Nilisimama, kiti sikukikalia. Nikamwambia, "Muzee, nimekosa. Sikujua. Nakuomba unisamehe, urudi kazini, msomaji wako utamupata." Nilitegemea aseme hakuna shida, ndivyo watu wetu wanavyosema hata penye shida.

Akauliza, "Ile barua yangu ulisoma yote?"

"Yote. Na ile ya katikati."

Akatikisa kichwa taratibu. "Yako mimi sikusoma yote. Niliita jirani, mwalimu, aje kunisomea. Alisoma hapa hapa, mama wa watoto anasikia. Ni mutu wa shule, anasoma vizuri. Lakini kila akifika mahali pabaya, aliona haya, akashusha sauti. Kuko maneno sikuyapata."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa barua yangu, imekunjwa mara nne, akaninyooshea.

"Nisomee."

"Muzee, tuichane. Tafadhali."

"Hapana. Kwanza nisomee."

Nikaikunjua. Nikasoma namba, tarehe, na jambo linalohusika. Mke wake akaacha kuosha beseni. Nikasoma kwamba moyo wa kazi hana tena. Nikasoma habari ya saa za mwajiri na mapumziko, na sauti yangu, hii ambayo haijawahi kunikosa, ikawa inakwama kwenye kila neno nililolichagua mwenyewe kwa ufundi. Yeye alisikiliza mikono imelala juu ya magoti, bila kunikatiza. Nikafika chini ya karatasi. Nikaanza kuikunja.

"Geuza, Shefu," akasema. "Mwalimu alisema kuko na upande wa nyuma."

Nikageuza.